Nani Anasema "Basi" Kwenye Ncha?

Chukua seli moja ya hamira, ile ile inayoumua unga wa maandazi. Ina kromosomu 16, na kila kromosomu ina ncha mbili. Ukizipima ncha hizo utakuta kila moja imemalizikia kwa kipande cha DNA cha takriban herufi 300, herufi zenyewe zikijirudiarudia. Iache hamira izaane vizazi mia, kisha upime tena. Bado ni 300, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Binadamu huzaliwa na vipande vya namna hiyo vyenye maelfu ya herufi. Panya wa maabara, anayeishi miaka miwili au mitatu tu, ana virefu kuliko sisi.

Vipande hivyo huitwa telomea. Kila aina ya kiumbe ina kipimo chake, mtoto hukirithi kwa mzazi, na kikivurugika mwili huumia. Historia ya telomea imesimuliwa mara nyingi kama historia ya telomerasi, kimeng'enya kinachoongeza herufi kwenye ncha, na ni kweli kwamba ugunduzi wa kimeng'enya hicho ulipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mimi naona simulizi hiyo inaacha nusu ya habari. Anayeongeza hawezi kuwa ndiye mpimaji peke yake. Lazima awepo wa kumwambia "basi", na mara nyingine wa kumwambia "njoo, ongeza". Kazi hiyo inafanywa na protini zinazokaa juu ya ncha yenyewe, na ilichukua karibu miaka 60 kuzitambua.

1938–1941: Ncha zisizoungana

Hermann Muller alijulikana tangu 1927 kwa kuonyesha kwamba eksirei hubadilisha jeni. Mwaka 1938, wakati akifanya kazi Edinburgh, alitoa mhadhara huko Woods Hole, Marekani, kuhusu nzi wa matunda aliowapiga mionzi hiyo. Mionzi ilikuwa imevunja kromosomu, na vipande vikaungana upya kwa kila namna: kimoja kimegeuzwa kichwa chini, kingine kimehamia kwa jirani. Lakini jambo moja hakuliona. Ncha za asili hazikuungana na chochote, wala hakupata kromosomu iliyodumu bila ncha zake. Akakata shauri kwamba ncha ni sehemu ya pekee, akaiundia jina kwa maneno mawili ya Kigiriki: mwisho na sehemu.

Wakati huo huo Barbara McClintock, katika Chuo Kikuu cha Missouri, alikuwa akifuatilia kromosomu za mahindi kwa hadubini. Alichokiona kinastahili kutazamwa polepole. Kromosomu iliyovunjika hujinakili kabla seli haijagawanyika, na nakala zake mbili, kila moja ikiwa na jeraha mwishoni, hushikana jeraha kwa jeraha. Seli inapogawanyika, upande mmoja huvuta huku na mwingine huvuta kule. Kromosomu hunyooshwa kati ya pande mbili kama daraja la kamba, mpaka hukatika. Sasa kuna majeraha mapya mawili, na mzunguko unaanza tena. Kwenye punje za mahindi uharibifu huo ulionekana hata kwa macho, kama mabaka ya rangi.

Mwaka 1941 McClintock akaeleza jambo la ajabu zaidi. Katika kiinitete cha muhindi, ncha iliyovunjika ilipona na mzunguko ukakoma. Kwa hiyo palikuwa na kitu kinachoweza kuifunga ncha upya. Hakuna aliyekuwa na zana za kukitafuta, kwa kuwa wakati ule hata umbo la DNA lilikuwa bado halijajulikana.

1961–1973: Seli zinazochoka

Leonard Hayflick na Paul Moorhead, wa Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, walichapisha mwaka 1961 matokeo yaliyowaudhi wengi. Hadi hapo wataalamu waliamini kwamba seli zikitunzwa vizuri kwenye chupa zitagawanyika milele. Za binadamu walizozikuza wawili hao zilijigawa mara 50 hivi, kisha zikasimama. Hazikufa. Zilikaa tu, zimechoka.

Mwanabiolojia Aleksei Olovnikov alisikia habari hizo Moscow. Mwenyewe alisimulia kwamba alipofika kituo cha treni za chini ya ardhi, wazo lilimjia akiitazama treni ikiingia. Kimeng'enya kinachonakili DNA ni kama treni juu ya reli, na DNA ndiyo reli. Kipande cha reli kilicho chini ya treni yenyewe pale inapoanzia, treni haiwezi kukinakili. Basi kila mara DNA inaponakiliwa, ncha hupungua. Aliandika hayo mwaka 1971, na James Watson akafikia tatizo hilo hilo kwa njia yake mwaka 1972. Hesabu ilikuwa wazi: kama ncha zinapungua kila kizazi, hamira ingekwisha kutoweka zamani sana.

1978–1985: Herufi na mwongezaji

Miaka hii naipita haraka, kwa sababu ndiyo inayojulikana zaidi. Elizabeth Blackburn, Mwaustralia aliyekuwa katika maabara ya Joseph Gall huko Yale, alisoma ncha za Tetrahymena, kiumbe cha majini chenye seli moja. Mwaka 1978 yeye na Gall walitangaza kwamba ncha hizo ni herufi TTGGGG zilizorudiwa mara kwa mara. Mwaka 1982, pamoja na Jack Szostak, alizipachika ncha za Tetrahymena kwenye DNA na kuiingiza ndani ya hamira. Zikafanya kazi. Zaidi ya hayo, baadaye ilionekana kwamba hamira ilikuwa imeongeza juu yake herufi za kwake. Kisha siku ya Krismasi ya mwaka 1984, Carol Greider, mwanafunzi wa uzamivu wa Blackburn huko Berkeley, akaona kwenye filamu mistari iliyopangika kama ngazi, kila daraja herufi sita. Mwongezaji alikuwa amepatikana. Ndiyo telomerasi.

Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Ila ngazi ile ya Greider ilikuwa na jambo ambalo halikupewa uzito mkubwa wakati ule: ilipanda na kupanda bila dalili ya kusimama. Ndani ya chupa, telomerasi haikujua kipimo.

1986–1997: Hamira inahesabu vichwa

Kwamba ncha ina wakazi wake ilionekana wazi mwaka 1986. Daniel Gottschling na Virginia Zakian walichunguza Oxytricha, kiumbe kingine cha majini, ambacho DNA yake imekatwakatwa kuwa mamilioni ya kromosomu fupi, na hivyo ncha ni nyingi kupindukia. Walikuta protini iliyoing'ang'ania ncha kiasi kwamba hata chumvi kali haikuiondoa. Kofia hiyo ilifunika mwisho wa uzi na kuukinga na vimeng'enya vinavyotafuna DNA. Ilikuwa mlinzi. Bado haikuonekana kuwa mpimaji.

Mpimaji wa kwanza alipatikana kwenye hamira, tena kwa njia ya mzunguko. Protini iitwayo Rap1 ilikuwa imeshajulikana kwa kuwasha na kuzima jeni. Kisha ikabainika kwamba hushika pia herufi za telomea, na kwamba molekuli nyingi za Rap1 hukaa zimepangana kwenye kila ncha. Mwaka 1992, maabara ya Arthur Lustig ilitoa habari za hamira ambayo Rap1 yake imekatwa mkia, yaani kile kipande cha mwisho kisichohusika na kushika DNA. Mtu angetarajia telomea zife. Badala yake zilirefuka, zikapita mbali kipimo cha kawaida, na urefu wao ukawa hautabiriki. Mwaka huo huo maabara ya David Shore ikapata protini inayoshika mkia huo, ikaiita Rif1. Ukiiondoa, telomea hurefuka. Mwaka 1997 ikaongezeka Rif2. Ukiziondoa zote mbili, telomea hukua kama mtambaa usiopogolewa.

Hapo ndipo fikra zilipogeuka. Protini zilizokaa kwenye ncha zilikuwa zinaizuia telomerasi. Lakini zilijuaje zimefika 300?

Jaribio lililojibu swali hilo lilichapishwa mwaka 1997 na Stéphane Marcand, Eric Gilson na David Shore, na kwangu mimi ndilo jaribio zuri kuliko yote katika historia hii. Walichukua mikia ya Rap1, wakaiunganisha na protini nyingine yenye mahali pake maalumu pa kutua kwenye DNA, kisha wakaweka mahali hapo pembeni kidogo ya telomea. Mikia hiyo ya bandia haikushika telomea hata kidogo. Ilikaa jirani tu. Na telomea halisi ikafupika. Walipoongeza mikia, ikafupika zaidi, kwa kiasi kinacholingana na idadi ya mikia iliyoongezwa.

Maana yake, hamira haipimi herufi. Konda wa daladala hapimi kiti kwa futi. Anahesabu vichwa, na vikitimia anasema gari limejaa. Hamira nayo inahesabu molekuli za Rap1 zilizoketi. Zikiwa chache, telomerasi inaruhusiwa kuingia. Zikitimia, mlango unafungwa. Mikia ya bandia ilihesabiwa kama abiria halali, na ndiyo maana seli ikaridhika na telomea fupi.

1982–1997: Kutoka kwa ndorobo hadi TRF1

Habari za binadamu zinaanzia mahali ambapo msomaji wa Afrika Mashariki anapafahamu: ugonjwa wa malale. Kimelea chake, tripanosoma, huletwa na ndorobo, na ujanja wake ni kubadilisha koti. Mwili ukishatengeneza kinga dhidi ya koti moja, kimelea huvaa jingine. Huko Uholanzi, katika maabara ya Piet Borst, mwanafunzi Titia de Lange alikuwa miongoni mwa walioonyesha, mwaka 1982, kwamba jeni za koti linalovaliwa hukaa karibu kabisa na mwisho wa kromosomu. Mwaka uliofuata maabara hiyo ikatangaza kwamba ncha za tripanosoma hurefuka kidogo kidogo kimelea kinavyozaana. Mwaka 1984 herufi zake zikasomwa: TTAGGG. Miaka minne baadaye kundi la Robert Moyzis wa Los Alamos lilisoma ncha za binadamu, na herufi zilikuwa hizo hizo.

De Lange alihamia Marekani, na mwaka 1990 akafungua maabara yake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York. Mwaka huo huo Calvin Harley, Bruce Futcher na Greider walikuwa wameonyesha kwamba telomea za seli za binadamu hufupika kadiri seli zinavyozeeka kwenye chupa, kama Olovnikov alivyobashiri. De Lange alitaka kujua nani anakaa kwenye zile TTAGGG. Mwaka 1992 kundi lake liliona dalili za protini inayozishika, na mwaka 1995 likaikamata yenyewe na kuipa jina TRF1.

Kisha yeye na Bas van Steensel wakarudia, kwa seli za saratani ya binadamu, swali la hamira. Seli hizo zilikuwa na telomerasi ya kutosha. Walipozizidishia TRF1, telomea zilifupika pole pole, mgawanyiko baada ya mgawanyiko. Walipotumia TRF1 iliyolemazwa, inayoiondoa ile nzima kwenye ncha, telomea zilirefuka pole pole vile vile. Nguvu ya telomerasi ilipopimwa nje ya seli, haikuwa imebadilika. TRF1 haikuwa inaua mwongezaji. Ilikuwa inamzuia pale pale, kwenye ncha moja moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997, mwaka ule ule wa jaribio la Marcand.

Hamira ya pombe

Mwaka huo ulikuwa na zawadi moja zaidi, na hii ina jina la Kiswahili. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alieleza hamira aliyoikuta kwenye pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki. Haichipuki kama hamira ya mkate. Hurefuka kama fimbo na kukatika katikati. Akaiita kwa jina la kinywaji chenyewe, na hadi leo wanasayansi wa Tokyo, London na Boulder hulitamka neno pombe kila siku maabarani, wengi wao bila kujua limetoka wapi. Aina wanazokuza sasa zilitokana na maji ya zabibu ya Ulaya, lakini jina lilibaki.

Julia Cooper, Robin Allshire na wenzao walipata mwaka 1997 protini ya hamira hiyo inayoitwa Taz1, jamaa wa karibu wa TRF1. Walipoifuta, telomea zilirefuka kupita kiasi. Hamira mbili zilizoachana katika ukoo mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, pamoja na binadamu, zote zilikuwa zikitumia mbinu moja: wakazi wa ncha ndio wanaozuia.

1997–2005: Kitanzi na wakazi sita

TRF1 ilikuwa na ndugu, TRF2. Ilipoondolewa kwenye ncha, mwaka 1998, kromosomu za binadamu ziliungana ncha kwa ncha, zikawa kama treni yenye mabehewa, na katika kugawanyika zikatoa madaraja yale yale McClintock aliyoyaona kwenye mahindi miaka 60 nyuma.

Mwaka 1999 Jack Griffith wa Chapel Hill, aliye bingwa wa kupiga picha za DNA kwa hadubini ya elektroni, aliandaa telomea za binadamu na panya pamoja na kundi la de Lange. Walizifunga kwanza kwa dawa inayoshikamanisha nyuzi mbili za DNA zisiachane, wakazisafisha, wakazipaka utando mwembamba wa metali na kuzitazama. Ncha haikuwa imenyooka. Uzi ulikuwa umejikunja, na kipande chake cha mwisho, chenye uzi mmoja tu, kilikuwa kimejichomeka ndani ya sehemu yenye nyuzi mbili. Picha ilionyesha kitanzi kikubwa mwishoni mwa kamba. Ncha iliyofichwa hivyo haionekani kama jeraha, na telomerasi nayo haiwezi kuifikia.

Wakazi wengine wakajulikana mmoja mmoja: TIN2 mwaka 1999, Rap1 ya binadamu mwaka 2000. Mwaka 2001 Peter Baumann na Thomas Cech, wa Boulder, wakitumia kofia ya Oxytricha kama mfano, walitafuta jamaa yake kwenye hamira ya pombe na kwa binadamu. Wakampata, wakamwita POT1. Hamira ya pombe iliyonyimwa POT1 ilipoteza telomea zake papo hapo. Chache zilizonusurika zilikuwa zimezungusha kila moja ya kromosomu zao tatu na kuifunga kuwa pete. Kiumbe kilichokosa mlinzi wa ncha kiliona heri kuishi bila ncha.

Wa sita alipatikana mwaka 2004 na maabara tatu kwa wakati mmoja, kila moja ikampa jina lake. Baadaye wakakubaliana kumwita TPP1. Mwaka 2005 de Lange alilipa kundi zima jina la shelterini. TRF1 na TRF2 hushika sehemu yenye nyuzi mbili, POT1 hushika ule uzi mmoja wa mwisho, TIN2 na TPP1 huwaunganisha hao wa ndani na yule wa mlangoni, na Rap1 hutegemea TRF2.

2003–2012: Anayezuia ndiye anayekaribisha

Bado kulikuwa na pengo. TRF1 hukaa ndani, telomerasi hufanya kazi mwishoni kabisa. "Basi" inayosemwa ndani inafikaje mlangoni? Mwaka 2003 Diego Loayza na de Lange walitengeneza POT1 isiyoweza kushika DNA. Iliendelea kufika kwenye telomea, ikiwa imebebwa na TRF1 na wenzake, lakini telomea zilirefuka haraka. Kumbe POT1 ndiyo inayopeleka ujumbe. TRF1 zikiwa nyingi, POT1 hukusanyika kwa wingi, na ncha hufunikwa.

Mwaka 2004 kundi la Joachim Lingner huko Uswisi lilipima kwenye hamira ncha moja moja, likakuta kwamba mlango haufungwi moja kwa moja. Kwa urefu wa kawaida wa herufi 300, telomea zilizoongezwa katika mzunguko mmoja wa seli zilikuwa asilimia 6 hadi 8. Kwa zilizofupika hadi 100, zilifika asilimia 42 hadi 46. Kila ncha hupiga kura kila mzunguko, na fupi hupata nafasi kubwa zaidi.

Halafu likaja jambo lililowashangaza wengi. Mwaka 2007 maabara mbili, mojawapo ya Cech, zilionyesha kwamba POT1 na TPP1 zikiwa pamoja huiwezesha telomerasi kuongeza herufi nyingi zaidi bila kuachia ncha. Mwaka 2012 maabara za Cech na Steven Artandi zilionyesha sehemu ndogo juu ya TPP1 ambayo telomerasi huishika ili ifike kwenye telomea. Ukibadilisha sehemu hiyo, telomerasi hupotea njia. Kwa hiyo mkono ule ule unaofunika ncha ndio unaomshika mwongezaji na kumleta. Wale waliotaka mlinzi awe mzuiaji tu, au mwezeshaji tu, walilazimika kukubali yote mawili.

2008–2023: Familia

Kipimo hiki kikikosewa, mtu halisi huugua. Upo ugonjwa wa kurithi unaoharibu kucha, unaoacha mabaka ya rangi kwenye ngozi na utando mweupe kinywani, na mwishowe unamaliza uboho wa mifupa hata mwili ushindwe kutengeneza damu. Hadi mwaka 2008 jeni zilizohusishwa nao zilikuwa za telomerasi na wasaidizi wake. Mwaka huo Sharon Savage na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walipata kasoro kwenye jeni ya TIN2, mkazi wa ncha. Telomea za wagonjwa hao zilikuwa fupi mno, na wengi walianza kuugua wakiwa watoto wadogo. Kwa mara ya kwanza mzazi aliyekuwa akiulizia sababu ya kuugua kwa mwanawe aliweza kuelezwa kwamba kosa haliko kwa mwongezaji. Liko kwa anayempangia.

Upande wa pili ulichelewa kuonekana, kwa kuwa watu wengi walidhani telomea ndefu ni baraka tupu. Mwaka 2014 makundi mawili yalikuta kasoro za POT1 katika familia zenye saratani ya ngozi iitwayo melanoma kizazi baada ya kizazi. Kasoro hizo ziliharibu uwezo wa POT1 wa kushika DNA, karibu kama ile POT1 ya maabara ya mwaka 2003, na telomea za wanafamilia hao zilikuwa ndefu. Mwaka 2023 kundi la Mary Armanios wa Johns Hopkins, Baltimore, lilieleza familia zenye kasoro za POT1 kwa upana zaidi. Wenye telomea ndefu walikuwa na uvimbe wa aina nyingi, wa hatari na usio wa hatari, na katika damu yao seli zenye mabadiliko ya jeni zilikuwa zimeenea mapema na kwa wingi. Seli ambayo kwa kawaida ingechoka na kusimama, kama zile za Hayflick, ilikuwa imeongezewa muda wa kuendelea kugawanyika, na kila mgawanyiko uliipa nafasi ya kukusanya kosa jingine.

Kwenye chati ya kupimia telomea ambayo madaktari hutumia, umri huandikwa chini na urefu pembeni, na mistari iliyopinda huonyesha wapi wanapoangukia watu wa kawaida. Kwa miaka mingi daktari aliangalia mstari wa chini tu, akitafuta mgonjwa aliyeanguka chini yake. Aliyekuwa juu ya mstari wa juu aliruhusiwa aende nyumbani. Siku hizi naye anaweza kuulizwa habari za wazazi na ndugu zake, na damu yake kusomwa kutafuta kasoro za POT1.